Sura ya Nne: Shamba la Mama Liko Wapi?

Binti akiteswa kwenye ndoa hukimbilia kwao. Ndivyo anavyofanya Yasmin katika Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999. Yasmin ni binti wa Kihindi katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Ameozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa miaka 52, akapelekwa Mombasa, akachoka, akatoroka. Anabisha kwao, na mama yake mzazi anamfukuza. Anayempokea ni Mwajuma, shoga yake wa Ng'ambo, mwanamke asiye na mali ya kutaja, lakini mwenye chumba ambacho hakuna mwanamume wa kumuuliza nani kalala humo.

Raza tunamchukia upesi, na hatuna shida naye. Mzee aliyetaka mke mdogo akampata si fumbo. Fumbo ni yule mama. Amembeba mimba yeye, kamnyonyesha yeye, kamsuka nywele yeye. Kama kuna mtu hapa duniani angepaswa kumwambia ingia ndani mwanangu, ni huyo. Badala yake ndiye anayelinda ndoa ya Raza, na Raza mwenyewe wala hayupo.

Sura hii inamtafuta mama huyo. Tutampata India, kwenye riwaya za wanawake walioandika habari zake kwa uchungu wa watoto wake wa kike. Tutampata pwani ya Kenya, karne moja na nusu iliyopita. Kisha tutapanda naye vilima vya Mbinga na kushuka naye hadi mchanga wa Ziwa Nyasa, kwa sababu huko jibu lake linaonekana kwa macho, limechorwa ardhini kwa jembe.

Mama mmoja, milango miwili

Ashapurna Devi alizaliwa Kolkata mwaka 1909. Shule hakuiona. Aliyeikataza hakuwa baba wala afisa wa kikoloni. Alikuwa bibi yake, aliyeamini kuwa darasa linaharibu wasichana. Ashapurna akajifunza kusoma nyumbani, akaandika kwa Kibengali maisha yake yote, na mwaka 1964 akatoa Pratham Pratisruti, juzuu ya kwanza kati ya tatu zinazofuata vizazi vitatu vya wanawake wa ukoo mmoja. Mwaka 1976 juzuu hiyo ilimpa tuzo ya Jnanpith, kubwa kuliko zote za fasihi nchini India, na hakukuwa na mwanamke aliyeipata kabla yake.

Shujaa wake, Satyabati, ni mbishi tangu utotoni. Ameng'ang'ania kusoma, na ameapa kuwa bintiye Subarnalata hataozwa akiwa mtoto. Siku anayogundua kwamba binti ameshaozwa kwa siri, angali mtoto mdogo, anaondoka, anamwacha mume na nyumba, harudi tena. Na nani aliyeipanga harusi ile? Mama mkwe wake, bibi wa mtoto. Katika nyumba ile hakuna aliyeishi chini ya kanuni za ndoa kama ile miaka mingi kuliko yeye, na ndiye anayezisimamia kwa mkono mkali kuliko wote.

Shashi Deshpande analisogeza jambo hili karibu zaidi. Katika The Dark Holds No Terrors, riwaya ya mwaka 1980, Saru ni daktari anayerudi kwa baba yake baada ya miaka mingi. Mama ameshakufa, lakini neno lake bado li hai. Saru alipokuwa mdogo, mdogo wake wa kiume, Dhruva, alizama majini, na mama akamuuliza msichana yule kwa nini yeye yu hai na mwenzake amekufa. Deshpande hamfanyi mama huyo kuwa shetani. Anatuonyesha mwanamke ambaye mtoto wa kiume alikuwa akiba yake yote, na akiba ile imezama mchana kweupe.

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa Arundhati Roy, katika The God of Small Things, kitabu kilichopata tuzo ya Booker mwaka 1997. Mammachi, mjane wa Kikristo wa Kerala, ana kipaji cha kutengeneza achari. Ameanzisha kiwanda kwa mikono yake, na miaka yote hiyo mumewe alikuwa akimpiga. Mwanawe Chacko anarudi kutoka Uingereza na kumkomesha baba. Kuanzia siku hiyo mama anamwabudu mwana, na mwana anakichukua kiwanda. Ammu, dada yake Chacko, anafanya kazi humo humo bila kuwa na fungu lolote.

Sasa tazama milango ya nyumba ile. Chacko ana haja na wanawake, basi mama anamjengea mlango wa pembeni ili wageni wake wapite bila kuonekana. Ammu naye anampenda mwanamume wa tabaka la chini, na siku habari inapofika nyumbani, mama huyo huyo anamfungia chumbani kwa ufunguo. Hakuna mwanamume aliyemlazimisha kujenga mlango wala kuugeuza ufunguo. Lakini jina lake kwenye mali limekwisha, na mwenye jina ni Chacko. Kumkasirisha mwana ni kujitupa jalalani. Kumfungia binti hakumgharimu kitu.

Roy hakuyaokota mbali haya. Sheria ya mirathi ya Wakristo wa Travancore, ya mwaka 1916, ilimpa binti robo ya fungu la kaka yake au rupia 5,000, kile kilicho kidogo. Mama yake mwandishi, Mary Roy, mwalimu aliyeachana na mume na kurudi kwao na watoto wawili, aliipinga sheria hiyo akigombana na ndugu yake mwenyewe hadi Mahakama ya Juu ya India. Mwaka 1986 akashinda. Miaka 11 kabla ya binti kutoa riwaya, mama alikuwa ameshalijibu swali lake mahakamani.

Wosia wa Mwana Kupona

Nasi tunaye mama wetu aliyeandika. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Sheikh Mataka wa Siu, pwani ya Kenya, aliyewasumbua sana masultani wa Zanzibar, alikuwa mgonjwa, akijua hana muda mrefu. Akamwita bintiye, Mwana Hashima, akamtungia utendi wa mawaidha. Ndio maandishi ya mwanamke yanayojulikana kuliko yote katika fasihi yetu ya kale, na ni ya mama kwa binti.

Mama yule anamwambia binti kuwa kuna watano wa kutafuta radhi zao: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Anamfundisha kumtunza mume, kumpunguzia uchovu, kutomjibu kwa ukali, kunyamaza inapobidi. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi juu ya utendi huu. Wengine wanasema ni kitabu cha utii. Wengine wanasikia kejeli ndani yake, kana kwamba mama anamnong'oneza binti namna ya kumwongoza mume kama mtoto mchanga.

Mimi nausoma kama hesabu ya mtu anayekufa. Mama anamwacha msichana mdogo katika mji wenye vita na fitina, baba hayupo, na ulinzi pekee uliobaki ni wa mume atakayekuja. Angemwachia nini kingine? Anamwachia ujuzi wa kuishi katika nyumba ya mtu. Uwe ni utii au ujanja, msingi ni mmoja: nyumba si ya binti.

Karne iliyofuata, wanawake wetu waliandika wakiwa wamekasirika zaidi. Penina Muhando, katika tamthilia ya Nguzo Mama ya mwaka 1982, anawaweka wanawake wa kijiji mbele ya nguzo inayotakiwa kusimamishwa. Haisimami. Kila mmoja anavutwa na shida ya kwake. Elieshi Lema, katika Parched Earth ya mwaka 2001, anamchora Doreen akikua chini ya mama anayelea watoto bila mume, na jinsi maisha ya mama yanavyomfuata binti hata kwenye ndoa yake. Kote huko mama hapendi kidogo. Anapenda akiwa amesimama kwenye ardhi ya mwingine.

Ngoro na kahawa

Na ardhi ndiyo inayotuleta Umatengo, nchi ya Wamatengo mkoani Ruvuma. Kutoka Mbinga mjini kuelekea Litembo au Maguu, vilima vimesimama kama vimewekwa wima, na mabega yake yamejaa vishimo vya mraba vilivyopangwa kwa safu. Hizo ndizo ngoro. Wamatengo wamelima hivyo kwa vizazi vingi, na kwenye miteremko ambayo kwingine mvua ingeshusha udongo wote bondeni, wao wamevuna mwaka hadi mwaka.

Tazama ngoro inavyotengenezwa. Mvua za masika zikielekea ukingoni, majani yanafyekwa na kuachwa yakauke. Kisha yanapangwa chini kwa mistari inayokatana, mraba baada ya mraba. Hapo kazi ya wanaume huwa imekwisha. Wanawake ndio wanaoingia na majembe, wanachimba udongo wa katikati ya mraba na kuutupa juu ya majani, wakisogea wameinama, mpaka katikati pabaki shimo na pembeni tuta. Maharage yanapandwa juu ya tuta. Majani yanaoza chini na kuwa mbolea, shimo linashika maji ya mvua, na msimu unaofuata mahindi yanaingia. Mgongo unaouma jioni ni wa mama na wa binti aliyemfuata tangu utoto.

Pembeni ya ngoro kuna kahawa. Iliingia huku wakati wa Waingereza ikawa ndiyo fedha ya Umatengo; ada za shule, mabati na pikipiki vilitoka humo. Ngoro inalisha, kahawa inalipa. Kahawa ni mti wa miaka mingi, na aliyepanda mti amedai ardhi. Ndiyo maana uanachama wa chama cha msingi cha ushirika huandikwa kwa jina la mwenye shamba, na mwenye shamba kwa kawaida ni baba. Mama huchuma kahawa mbivu kuanzia Juni, huimenya, huianika, huichagua. Malipo yanakuja kwa jina lisilo lake.

Ardhi yenyewe ni ya ukoo wa mume. Zamani familia pana ilikaa kwenye kilima chake kati ya mito miwili, na mambo yake yakazungumzwa kwenye sengu, nyumbani kwa mzee, wakati wa chakula. Wake za wana walileta vyakula. Wenye ukoo wakala na kuamua. Mwanamke aliyeolewa alifika pale kama mgeni mwenye jembe. Alipata shamba la kulima kwa kuwa mke wa fulani, na angelishika uzeeni kwa kuwa mama wa fulani.

Hapo hesabu ya mama inaanza kusomeka. Binti yake ataondoka akalime ngoro za ukoo mwingine. Mwana atabaki, ataleta mke, atarithi kahawa, na ndiye atakayemlisha mama mjane. Sasa binti amerudi usiku na mtoto mgongoni na jicho limevimba. Kumwambia kaa, mama anapaswa kumwomba mwanawe kipande cha shamba ambacho mwana anakihesabu kuwa cha watoto wake. Wifi anatega sikio. Mahari nayo inaweza kudaiwa irudishwe, na huenda ilishatumika kumuoza huyo huyo kaka. Ndipo mama anapotamka neno ambalo kila binti wa nchi hii amelisikia: mwanangu, vumilia, ndoa ndivyo zilivyo. Analisema huku analia. Na asubuhi anamsindikiza kurudi.

Mammachi angemwelewa mara moja. Tofauti ya achari na kahawa ni ndogo.

Fedha ya usipa

Ukishuka kutoka vilimani hadi Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, hewa inabadilika na hesabu nayo inabadilika kidogo. Huku ni Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ugali ni wa muhogo, na kitoweo ni samaki. Mitumbwi na nyavu ni vya wanaume, na usiku taa zao zinameta ziwani wakivua usipa, samaki wadogo wembamba. Lakini usipa ukifika ufukweni asubuhi, mikono inabadilika. Wanawake ndio wanaonunua ndoo, wanaoanika, wanaogeuza na kuokota kabla mvua haijanyesha, wanaofunga magunia na kupandisha sokoni Mbinga na Songea.

Fedha hiyo ni ndogo, ya kila siku, na ina hatari zake: mwezi ukiwaka usipa hupungua, na bei hupangwa na mwenye mtumbwi. Lakini inapita mkononi mwa mama bila kusaini popote. Haingojei kahawa ya msimu wala jina la mume kwenye daftari. Mama mwenye magunia yake anaweza kulipa ada bila kikao. Anaweza kumwambia binti aliyerudi: kesho tutaamka pamoja twende ufukweni. Hajawa na moyo laini kuliko mwenzake wa Litembo. Ana kazi ya kumpa.

Pwani hii pia ina kioda, ngoma ya wanawake, kama wanaume walivyo na mganda. Wanawake hujipanga kwa sare, na wimbo husema kile ambacho mke hawezi kumwambia shemeji uso kwa uso. Ni fasihi ya wanawake kabla mtu hajanunua daftari.

Mkoa huu wa Ruvuma unatupa kipimo kingine. Upande wa mashariki, Tunduru, Wayao hufuata ukoo wa mama. Kwa desturi yao binti hubaki kwao, mume ndiye anayehamia, na watoto ni wa ukoo wa mama. Usidhani mwanamume ametoweka; mjomba yupo, na neno lake ni zito. Lakini binti wa Kiyao akigombana na mumewe, anayefungasha virago ni mume. Kerala nayo iliwahi kuwa hivyo: Wanair walirithishana kwa upande wa mama kwa karne nyingi, jirani kabisa na Wakristo waliompa binti rupia 5,000. Ndani ya jimbo moja, ndani ya mkoa mmoja, mama wawili wenye uchungu ule ule wa kuzaa wanatenda tofauti, kwa kuwa wamesimama kwenye ardhi tofauti.

Jina kwenye karatasi

Sheria zetu zimemjua mama kwa kuchelewa. Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, linapanga warithi kwa daraja: mwana wa kwanza wa kiume, kisha wana wengine wa kiume, na binti daraja la tatu, la mwisho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilipotaka ridhaa ya mzazi kwa binti mdogo anayeolewa, ilimtaja baba. Mama alipewa nafasi ya kuridhia iwapo baba amefariki. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu dhidi ya vifungu vilivyoruhusu msichana wa miaka 14 au 15 kuolewa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama naye.

Kwenye ardhi, mwanamke wa Kihaya aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia, na mpwa wake akamshtaki kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisema katiba hairuhusu ubaguzi huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza kuwa mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Bado mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilikuta kwamba Tanzania imewakosea wajane wawili waliopoteza kila kitu kwa mila hizo za mirathi, baada ya mahakama za hapa kushindwa kuwasaidia.

Katiba inasema hivi, mila inasema vile, na mama wa Litembo yuko katikati. Ndiyo maana riwaya hizi hazipaswi kusomwa kama kesi ya binti dhidi ya mama. Wasichana wa sekondari zetu wamezizoea hoja za mfumo dume. Watazijibu kwenye mtihani bila kukwama. Mwaka 1996 Penina Muhando, sasa Profesa Mlama, na Amandina Lihamba walianzisha Tuseme, mradi wa kuwafanya wasichana hao watumie maigizo kusema yanayowakwaza shuleni, na wengi wamesema. Kilichobaki kigumu ni kumsikiliza mama bila kumhukumu wala kumwonea huruma ya bure, na kumuuliza kile ambacho Yasmin, Saru na Ammu hawakupata nafasi ya kuwauliza mama zao: shamba lako liko wapi?

Jibu linaweza kuandikwa. Halmashauri ya kijiji inaweza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina ya mume na mke, na inaweza kutoa kwa jina la mke peke yake. Baba anaweza kuandika wosia unaomtaja binti. Na mgogoro ukizuka, wa kwanza kuusikiliza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, ambao kwa sheria watatu kati yao lazima wawe wanawake.

Hao watatu ni mama zetu. Wamelelewa kwa maneno ya vumilia, nao wamelea kwa hayo hayo. Binti anayekuja mbele yao kudai kipande cha ngoro alichokilima tangu ana miaka kumi atakuwa anamdai kaka yake, na kaka huyo kwa mmoja wao huenda ni mwana anayemlisha. Kuwapa viti ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhakikisha kwamba kila mmoja wao, kabla hajakaa kusuluhisha mgogoro wa shamba la binti wa mwenzake, ana shamba lenye jina lake mwenyewe, ili asiogope kusema kweli.